Kisu hakioni rangi: kwa nini stika inayopendeza kwenye skrini hukatwa vibaya

"Assalaam aleikum Mwalimu. Mimi ni kijana wa Mombasa, nakata stika za majina ya tuktuk na matatu kwa mashine ndogo ya mtumba, kazi niliyoianza miezi minane iliyopita. Kuchora kwa CorelDRAW nilijifunza saiba, lakini sasa natumia Inkscape kwa kuwa haina malipo. Juzi mteja alitaka 'Mashallah' kwa hati za Kiarabu kwenye kioo cha nyuma, herufi nyekundu zenye ukingo mweupe, na chini yake nembo ya Sacco yake aliyonitumia kwa WhatsApp. Kwenye skrini kila kitu kilikuwa sawa. Mashine ikapitisha kisu katikati ya herufi mahali zinaposhikana, ukingo ukakatwa mara mbili, na nembo ikatoka vipande vidogo kama mchanga. Nilipojaribu kuziunganisha herufi kwa Ctrl na L, kona zake ziliyeyuka kama mshumaa. Jina jingine, ambalo rafiki yangu alinichorea kwa Illustrator akanipa faili ya mchoro ya SVG, lilipaswa kuwa na upana wa sentimita 60 likatoka sentimita 45. Nimepoteza mita tatu za stika. Rafiki huyo anasema Inkscape ndiyo mbovu, niiache nitafute Corel ya bure ya mitaani. Je, tatizo ni programu, ni mashine, au ni mimi?"

Waaleikum salaam, ndugu yangu, na pole kwa hizo mita tatu. Umenirahisishia kazi, kwa sababu umeeleza kilichotokea hatua kwa hatua, hata vipimo ukavitaja, badala ya kusema tu kwamba mashine imeharibu, kama wafanyavyo mafundi wengi wanaoniandikia. Kwa maelezo hayo naweza kukujibu bila kuiona kazi yenyewe: programu yako ni nzima, mashine yako haijaonyesha dalili yoyote ya ugonjwa, na wewe kosa lako ni moja tu, nalo ni la kuiamini skrini. Ulichokiona kwenye skrini ni picha iliyopakwa kwa ajili ya macho yako, ilhali mashine haikupewa picha hiyo hata kidogo.

Programu ya vekta, iwe Inkscape, CorelDRAW au Illustrator, haihifadhi picha kama kamera ihifadhivyo. Huhifadhi maelezo: anza kwenye nukta hii, nenda hadi ile, na baina yao pinda kiasi hiki. Mistari hiyo inayopinda tunaiita ya Bézier, kwa jina la Pierre Bézier, mhandisi wa kampuni ya magari ya Renault nchini Ufaransa, ambaye katika miaka ya 1960 aliitumia ili umbo la bodi ya gari liweze kuelezwa kwa hesabu na kuchongwa na mashine. Hivyo mistari unayoihangaikia leo kwenye kioo cha tuktuk ilizaliwa katika kazi ya kukata na kuchonga, na mambo ya rangi na vivuli yakaja kuongezwa baadaye.

Rangi, unene wa mstari, kivuli, na kitu kimoja kulala juu ya kingine na kukificha, yote hayo ni mavazi ambayo programu huyavisha maelezo yale kabla ya kukuonyesha. Mashine ya kukata stika haina habari na mavazi. Nyingi kati ya mashine hizi huzungumza lugha ya zamani iitwayo HPGL, ambayo maneno yake makuu ni mawili: inua kalamu uende mahali fulani, shusha kalamu uende mahali fulani. Mahali penyewe hupimwa kwa hatua ndogo sana, 40 katika kila milimita moja. Weka kisu mahali pa kalamu nawe utaona kwamba hakuna neno la "nyekundu" wala la "iliyofichwa chini ya nyingine." Kila mstari uliomo ndani ya faili utakatwa, uwe unaonekana au hauonekani.

Kwa sababu hiyo, zoea kutazama kazi yako kama kisu kinavyoitazama. Katika Inkscape fungua menyu ya View, nenda Display Mode, kisha chagua Outline. Rangi zote zitatoweka na utabaki na mistari mitupu. Fanya hivyo sasa hivi kwa faili iliyokuharibikia, na ninaamini utaona kila ajali iliyotokea imelala pale waziwazi, tangu mstari unaopita ndani ya herufi hadi vumbi la nembo. Mimi mwenyewe sipeleki faili kwenye mashine kabla ya kuitazama hivyo, hata iwe ni mraba mmoja, kwa sababu niliwahi kukata jina zima la duka likiwa na nakala yake iliyofichika chini, na mwenye duka alikuwa amesimama nyuma yangu anatazama.

Tuanze na herufi zinazoshikana, maana hapo ndipo penye jambo kubwa zaidi kwa fundi wa pwani. Katika hati za Kilatini, fonti za kawaida huziacha herufi zikiwa mbalimbali, na fundi anaweza kukata majina mwaka mzima bila kukutana na tatizo hili. Siku atakayotumia fonti ya mwandiko wa mkono, au hati za Kiarabu, ndipo litamkuta. Mwenye kubuni fonti ya Kiarabu huchora kila herufi peke yake, na ili mimu na alifu zionekane zimeshikana bila ufa, huufanya mkia wa moja uingie kidogo ndani ya nyingine. Kwa macho ni wino mmoja unaotiririka, lakini kwa kisu ni maumbo mawili yanayopandana, na kila umbo lina mzunguko wake kamili. Kisu huzunguka mimu yote, kisha huzunguka alifu yote, na mahali yanapopandana hupita katikati ya herufi.

Dawa yake ni kuyayeyusha maumbo hayo yawe umbo moja lenye mzunguko mmoja wa nje. Katika Inkscape chagua maandishi, kisha bonyeza Shift, Ctrl na C ili yaache kuwa maandishi na yawe njia (path), yaani mistari ya umbo tu. Baada ya hapo utakuta herufi zimefungwa pamoja kama kundi, kwa hiyo lifungue kundi hilo kwa Shift, Ctrl na G, ziache herufi zote zikiwa zimechaguliwa, halafu bonyeza Ctrl pamoja na alama ya kujumlisha. Amri hii ya mwisho huitwa Union kwenye menyu ya Path. Rudi kwenye mwonekano wa mistari mitupu utakuta ile mistari ya ndani imeondoka. Hifadhi kwanza nakala ya faili yenye maandishi ya kawaida, kwa kuwa yakishakuwa njia huwezi tena kurekebisha tahajia, na mteja hubadilisha mawazo baada ya kunywa chai.

Kwa "Mashallah" ipo njia nzuri ya kujikagua, nayo ni kuhesabu vipande ambavyo kisu kitaviacha kwenye karatasi. Alifu haishikani na herufi inayoifuata, kwa hiyo mimu na alifu yake ni kipande kimoja, shini na alifu yake ni kingine, nukta tatu za shini ni vitatu, hamza ni kimoja, alifu inayoanza jina la Mwenyezi Mungu ni kimoja, na lamu mbili pamoja na he ni kimoja. Hivyo ni vipande vinane, na kama fonti yako huweka shada, yaani alama ya kukaza herufi, na alifu ndogo ya juu, vinafika kumi. Ukihesabu zaidi ya hapo, ujue kuna mahali hapajaunganishwa. Ukihesabu pungufu, huenda fonti yenyewe imezishikanisha nukta za shini, jambo ambalo kwa fundi wa stika ni nafuu, kwa kuwa nukta ndogo iliyo peke yake ndiyo huwa ya kwanza kubanduka gari likioshwa.

Nikiwa bado hapo, niongeze jambo ambalo litakufika siku mteja atakapotaka jina la Kiswahili kwa hati hizo hizo, kama wazee wetu wa Mji wa Kale walivyokuwa wakiandika. Kiswahili kina sauti ambazo Kiarabu hakina, kama vile p, ch na v, na herufi zake za nyongeza hazimo katika kila fonti. Programu ikikosa herufi moja katika fonti uliyoichagua, huazima kimyakimya kutoka fonti nyingine, na ghafla katikati ya jina utaona herufi moja nyembamba au fupi kuliko wenzake, ambayo kiungo chake hakifiki. Hilo si kosa la kuunganisha, na hakuna amri itakayolitibu. Badilisha fonti. Vilevile usijaribu kuyanakili maandishi ya Kiarabu na kuyabandika moja kwa moja kwenye programu ndogo iliyokuja na mashine, kwa kuwa baadhi ya programu hizo hazijui kuzishikanisha herufi, nawe utapata herufi moja moja zilizopangwa kinyume, kuanzia kushoto. Yaandike kwenye Inkscape, ambayo inajua kuyapanga, yageuze kuwa njia, ndipo uyapeleke.

Sasa lile jambo la herufi kuyeyuka kama mshumaa, ambalo lilinifanya nitabasamu kwa sababu jibu lake lilikuwa mwanzoni mwa barua yako. Ulijifunza CorelDRAW, na katika CorelDRAW Ctrl na L ndiyo amri ya kukusanya vitu viwe kimoja. Katika Inkscape vidole vilevile huita amri nyingine kabisa, inayopunguza nukta za mstari ili uwe mwepesi, na ukiirudia haraka haraka huongeza nguvu kila mara, hata kona za shini zikawa mabega ya mviringo. Mtego huu una ndugu yake: Ctrl na K katika CorelDRAW huvitenganisha vitu, lakini katika Inkscape huvikusanya. Mtu aliyehama programu moja kwenda nyingine hubeba mazoea ya vidole, na vidole havijui kwamba nyumba imebadilika. Katika mapendeleo ya Inkscape, upande wa vibonyezo, waweza kuchagua mpangilio unaofuata CorelDRAW. Mimi sikushauri ufanye hivyo, kwa kuwa mafunzo karibu yote utakayoyapata kwenye intaneti yanatumia mpangilio wa asili wa Inkscape, nawe utakuwa umejitengenezea mtego wa pili.

Ufahamu pia kwamba kukusanya si kuunganisha, hata ungebonyeza kibonyezo sahihi. Kukusanya ni kama kutia mimu na alifu katika mfuko mmoja: zinahesabiwa kuwa kitu kimoja na zinasogea pamoja, lakini mistari yao yote imebaki ilivyokuwa, na mara nyingi mahali zinapopandana hutokea tundu. Kuunganisha hufuta mistari ya ndani. Kisu kinataka kuunganisha. Katika CorelDRAW amri inayofanya kazi hiyo huitwa Weld, na katika Illustrator huitwa Unite.

Ukingo uliokatwa mara mbili una maelezo mawili yanayowezekana, na karatasi iliyoharibika itakuambia ni lipi, kama hujaitupa. Ukiona mistari miwili iliyoachana kwa nafasi iliyo sawa kote, kama reli ya treni, basi mstari wenye unene umegeuzwa kuwa umbo, na umbo lolote lina ukingo wa nje na ukingo wa ndani. Lakini ukiona mstari mmoja tu, uliochimbwa kwa kina hadi karatasi ya chini imetoboka, basi kisu kimepita mara mbili njia ile ile, kwa maana kuna nakala mbili zilizopandana bila tofauti. Katika Inkscape ajali hii ni rahisi mno, kwa sababu Ctrl na D huweka nakala juu kabisa ya kitu cha kwanza, wala skrini haionyeshi mabadiliko yoyote. Mtu hudhani amri haikufanya kazi, akabonyeza tena. Chagua vyote, kisha usome mstari wa chini kabisa wa dirisha, ambao hutaja idadi ya vitu vilivyochaguliwa.

Kwa maelezo yako nadhani ajali yako ni ile ya kwanza, kwa kuwa ulitaka ukingo mweupe kuzunguka herufi nyekundu na ukaupata kwa kuipa herufi mstari mnene. Hapo sharti ufikiri kama fundi wa stika na si kama mchoraji: roli ya stika ina rangi moja, kwa hiyo rangi mbili ni faili mbili, au angalau safari mbili za kisu. Iache herufi nyekundu bila ukingo wowote, uikate peke yake. Kisha fanya nakala yake, uipe mstari wa milimita 6, ugeuze mstari huo kuwa umbo kwa Ctrl, Alt na C, fungua kundi litakalotokea, na uunganishe vyote kwa Ctrl na alama ya kujumlisha. Utapata umbo lililonenepa kidogo pande zote, ambalo utalikata kwenye stika nyeupe na kulibandika kwanza, nyekundu ikaja juu yake. Kumbuka kwamba mstari hukaa nusu ndani na nusu nje ya njia, kwa hiyo milimita 6 zitakupa milimita 3 tu za weupe unaoonekana.

Nembo iliyotoka kama mchanga ni kisa cha picha, si cha vekta. Kuna dhana iliyoenea kwamba ukiiingiza picha ya JPG ndani ya Inkscape na kuhifadhi SVG, picha imekuwa vekta. Haijawa. Umeiweka picha ndani ya bahasha ya vekta, nayo imebaki pikseli zilezile, yaani vinukta vya rangi. Kinachoigeuza ni amri ya kufuatisha, yaani Shift, Alt na B, na hiyo nayo haioni nembo wala simba wala mnazi, bali huona tu mahali penye weusi na mahali penye weupe, ikazungusha mstari kwenye mipaka yake. WhatsApp ikiituma picha kwa njia ya kawaida huipunguza na kuibana, na kubanwa huko huacha madoadoa hafifu kuzunguka kila ukingo ambayo jicho huyasamehe. Programu haiyasamehi: kila doa hupewa mzunguko wake, na kila mzunguko hupata kisu.

Mwombe mteja akutumie faili ya asili, ikiwezekana PDF kutoka kwa aliyechora nembo au aliyechapisha barua za Sacco hiyo, kwa sababu PDF ya namna hiyo mara nyingi huwa na vekta ndani yake nawe utaifungua moja kwa moja. Kama ana picha tu, aitume kama hati na si kama picha, ili isibanwe. Ukilazimika kufuatisha, tumia rangi moja kwa wakati mmoja, ongeza kipimo cha kuondoa madoa, na uache ile namna ya rangi nyingi, ambayo huzilaza tabaka juu ya tabaka na inafaa kwa uchapishaji kuliko kukata. Na mchoro wa mistari membamba ukifuatishwa kwa namna ya kawaida hurudi na ile reli ya treni tuliyoisema, ingawa Inkscape tangu toleo la 1.0 la mwaka 2020 ina namna ya kufuatisha katikati ya mstari. Maoni yangu, ambayo vijana huyachukia, ni kwamba nembo yenye maumbo manne au matano ichorwe upya kwa mkono, picha ikiwa chini kama kielelezo. Itakuchukua nusu saa, nawe utapata mistari misafi yenye nukta chache ambayo kisu huipita bila kutetemeka, na utakuwa nayo siku tuktuk nyingine ya Sacco hiyo itakapokuja.

Kuhusu sentimita 60 zilizogeuka 45, kipimo chako kimejijibu chenyewe. Gawanya 45 kwa 60 upate 0.75, ambayo ni sawa kabisa na 72 kugawanywa kwa 96. Illustrator huandika SVG ikihesabu pikseli 72 katika inchi moja, na Inkscape huisoma ikihesabu 96, hivyo jina lile lile hupungua robo. Likuze kwa asilimia 133.333 kupitia dirisha la Transform, au mwambie rafiki yako akupe PDF, ambayo hubeba vipimo halisi. Ukikutana na kazi ya zamani iliyopungua hadi 93.75 kwa mia, hiyo ilitoka kwenye Inkscape ya kabla ya toleo la 0.92, iliyokuwa ikihesabu 90. Hakuna katika hayo kilichoharibika. Ni mafundi wawili wanaotumia rula tofauti.

Sasa nasaha ya rafiki yako. CorelDRAW ni programu nzuri, na sitakudanganya kwamba Inkscape inaishinda kwa kila jambo. Corel inaelewana vizuri na mashine nyingi za kukata, na ukifanya kazi na wachapishaji wengine wa mjini utapokea faili zake mara kwa mara, ambazo Inkscape huzifungua kwa kiasi tu. Ukiipata biashara ya kutosha, inunue. Lakini nakala ya mitaani ni jambo jingine. Mbali na kwamba ni mali ya mtu, nakala hizo ni mlango wa virusi, na kompyuta yenye virusi ndiyo iliyobeba kazi za wateja wako wote. Zaidi ya hayo haitakutibu: herufi zinazopandana zitapandana humo pia, doa la WhatsApp litabaki doa, na mistari miwili itakatwa miwili. Baki na Inkscape mpaka utakapoweza kutaja jambo mahususi unalolihitaji ambalo haina.

Mashine nimeiacha mwisho kwa kuwa sina sababu ya kuishuku, lakini ni ya mtumba na ni haki yako kuipima. Chora mraba wa sentimita 10 na ndani yake duara la sentimita 5, vikiwa na mstari mmoja tu, uvikate kwenye kipande cha mabaki. Kama duara halifungi vizuri pale lilipoanzia, au kona za mraba zimekuwa za mviringo, angalia kwanza kipimo cha umbali baina ya ncha ya kisu na mhimili wake, ambacho kwa visu vingi vya stika ni karibu milimita 0.25, kisha uangalie kama ncha imevunjika. Hayo utayafanya mwenyewe. Lakini kama mraba unatoka mpana kuliko urefu wake, au karatasi inaenda upande kila kazi inapokuwa ndefu, au mashine inasimama katikati na kuanza upya mahali pengine, usiendelee kubadilisha vipimo kwa kubahatisha. Ichukue pamoja na kompyuta na kebo yake, ile ile unayoitumia kila siku, uende kwa fundi anayehudumia mashine hizi, na umwonyeshe mraba wako uliokatwa. Nafasi ya kuteleza kwa magurudumu ya kuvutia karatasi, mkanda uliolegea au kebo mbovu haionekani katika maelezo, hata yawe mazuri kama yako.

Limebaki jambo moja ambalo hukuniuliza, ila kioo cha nyuma kimenikumbusha. Ukibandika stika kwa nje, kata kama ilivyo. Ukiibandika kwa ndani ili isichunwe na mvua na matambara ya waosha magari, sharti uigeuze kwanza kama inavyoonekana kwenye kioo cha kujitazama, na ndivyo ilivyo pia kwa zile za kubandika kwa joto kwenye fulana. Kwa hati za Kilatini ukikosea utaona mara moja. Kwa hati za Kiarabu, kama hukuzisoma madrasa vizuri, waweza kukata neno lililogeuka ukaridhika nalo kabisa. Chapisha kwanza kwenye karatasi ya kawaida, ishike kwenye kioo upande uleule itakapokaa, na umwite mtu anayezisoma hati hizo akusomee kwa sauti akiwa amesimama nyuma ya tuktuk.